Chembe sahani na kisukari: Je, karatasi ya maabara yaweza kutabiri kiharusi Taveta?

KARATASI ya hemogramu ambayo mgonjwa hukabidhiwa katika maabara ina safu ndefu ya herufi na tarakimu ambazo aghalabu hazisomwi zote. Daktari hutazama kiwango cha hemoglobini ili ajue kama damu imepungua, akatazama chembe nyeupe ili ajue kama kuna maambukizi, kisha karatasi hukunjwa na kutiwa ndani ya kitabu cha kliniki. Karibu na mwisho wa safu hiyo ipo mistari michache inayohusu chembe sahani, vile vijichembe vidogo mno vinavyokimbilia mahali mshipa ulipopasuka na kushikamana ili damu isiendelee kumwagika. Mmoja wa mistari hiyo, ule unaotambulishwa kwa herufi MPV, hueleza ukubwa wa wastani wa chembe hizo.

Mstari huo sasa una watu wanaoufuatilia kwa makini. Kwa takriban miaka 20, watafiti wa Uturuki, India, Pakistan na, karibu nasi, Ethiopia, wamekuwa wakiupima miongoni mwa wagonjwa wa kisukari na kuulinganisha na wa watu wasio na maradhi hayo. Mara nyingi wamepata jambo lile lile: chembe sahani za mwenye kisukari ni kubwa kidogo kwa wastani, na katika tafiti kadhaa huwa kubwa zaidi kwa wale ambao macho, figo au moyo wao umekwisha kuathirika. Kutokana na hayo limezuka pendekezo linalozivutia hasa nchi zisizo na fedha nyingi. Kwa kuwa mashine ya kuhesabu damu huitoa tarakimu hii bila gharama ya ziada, kwa nini isitumiwe kumtambua mapema mgonjwa aliye katika hatari ya kiharusi, mshtuko wa moyo au kukatwa mguu?

Swali hili halifai kuachiwa vyuo vikuu pekee. Linagusa moja kwa moja mahali kama Taveta, kaunti ndogo iliyokuwa na wakazi 91,222 kati ya 340,671 wa kaunti nzima ya Taita Taveta kwa mujibu wa sensa ya 2019. Hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ya Moi, iko Voi, safari ya takriban kilomita 110 kwa barabara inayokatiza Mwatate, Bura na Maktau. Mgonjwa wa Taveta asiyepata jibu katika hospitali ya mji wake huandamwa na nauli kabla hajaandamwa na ugonjwa. Ishara yoyote ya bei nafuu inayoweza kumwonya yeye na daktari wake miaka mitano kabla ya kiharusi ingekuwa neema.

Hata hivyo, ukiupima ushahidi uliopo kwa mizani ya haki, utaona kwamba tarakimu hiyo, ingawa inasema kweli, bado haiwezi kubebeshwa uamuzi wa tiba ya mtu mmoja, na Taveta ni mojawapo ya mahali ambapo haiwezi kabisa. Zaidi ya hayo, upo uwezekano wa tarakimu hiyo kuleta madhara ikiwa itachukuliwa kuwa ni kibali cha kumeza vidonge vya kuyeyusha kile ambacho watu wa Pwani na bara hukiita damu nzito.

Tuanze na hatari yenyewe, kwa maana si ya kubuni. Takwimu za karibu kabisa na Taveta zinatoka ng'ambo ya mpaka wa Holili, katika Mkoa wa Kilimanjaro wa Tanzania. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Profesa Donald McLarty na wenzake waliopima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji vya Tanzania, vikiwemo vya Kilimanjaro. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja kwa kila watu 100. Utafiti mwingine uliofanywa Moshi na vijiji vinavyoizunguka, na kuchapishwa 2016, ulikuta asilimia 5.7 ya watu wazima wana kisukari. Namna za kupima na watu waliopimwa zilitofautiana, kwa hiyo tarakimu hizi mbili haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja kama hatua za ngazi. Lakini hakuna anayeishi katika eneo hili atakayeshangazwa na mwelekeo wake.

Kiharusi nacho kimepimwa huko huko. Kati ya 2003 na 2006, wataalamu wa Tanzania na Uingereza walifuatilia wakazi wa Wilaya ya Hai, iliyo upande wa magharibi wa Moshi, na wa sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walikuta viharusi vipya zaidi ya 100 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na zaidi ya 300 jijini. Kiwango cha jiji kilizidi vile vilivyozoeleka katika nchi tajiri. Taveta ni mji wa soko, wa mpakani, wenye mashamba ya migomba na mkonge yaliyozunguka maduka na stendi za magari. Unasogea kutoka hali ya Hai kuelekea ya Dar es Salaam, na kila mwaka unasogea zaidi.

Sasa turudi kwenye chembe sahani. Mwitaliano Giulio Bizzozero ndiye aliyeeleza kazi yake kwa ufasaha mwaka 1882. Huzaliwa katika uboho wa mifupa kwa kumeguka kutoka seli kubwa, huishi siku 7 hadi 10 tu, na mtu mzima mwenye afya huwa nazo baina ya 150,000 na 400,000 hivi katika kila mikrolita ya damu, yaani tone lisiloonekana vizuri kwa macho. Zile changa huwa kubwa kuliko kongwe. Tena huwa zimesheheni kemikali za kuvutana na kushikamana, kwa hiyo ni nyepesi kuchokozeka.

Kisukari kisichodhibitiwa huzichokoza kwa njia zaidi ya moja. Sukari iliyozidi hunata kwenye protini za ngozi ya chembe hizo. Utando laini unaoufunika mshipa kwa ndani, ambao kwa kawaida huziambia chembe zipite kwa amani, hukwaruzika na kupoteza uwezo wake wa kuzituliza. Chembe hushikana pasipo jeraha, zikatumika na kwisha upesi, na uboho ukalazimika kutoa nyingine kwa haraka. Ni kama kambi inayotuma makuruta wenye nguvu na hasira mahali ambapo askari wa zamani wangetosha. Wastani wa ukubwa unapopanda, basi, mashine inaonyesha kivuli cha haraka hiyo. Kwa sababu hii mimi si miongoni mwa wale wanaoudharau mstari wa MPV. Una mantiki, na mantiki yake inafahamika.

Vilevile upo ushahidi wa zamani unaoupa nguvu. Mwaka 1991, Lancet ilichapisha matokeo ya wanaume zaidi ya 1,700 waliopata mshtuko wa moyo na kufuatiliwa kwa miaka miwili. Wale waliokuwa na chembe sahani kubwa ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mshtuko mwingine au kufariki. Huo ulikuwa utafiti wa kufuatilia watu mbele, si wa kuwapima siku moja na kwenda zao.

Tofauti hiyo ndiyo inayokosekana katika sehemu kubwa ya tafiti za kisukari. Nyingi zilimpima mgonjwa mara moja: damu ikatolewa, macho yakaangaliwa, matokeo yakapangwa katika majedwali. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kueleza iwapo chembe kubwa ndizo zilizotangulia na kuuharibu mshipa, au mshipa ulioharibika ndio ulioulazimisha uboho kutoa chembe kubwa. Aidha, tofauti zenyewe ni ndogo. Kipimo hiki huhesabiwa kwa femtolita, na watu wengi wenye afya huwa baina ya 7 na 11 hivi, kutegemea maabara. Pengo kati ya wastani wa wenye kisukari na wa wasio nacho aghalabu ni la femtolita moja, pengine pungufu. Makundi hayo mawili yameingiliana kama vidole vya mikono iliyofumbatana. Mtu mwenye 10 anaweza kuwa mgonjwa mahututi au mkulima wa Chala mwenye afya ya chuma. Wastani wa kundi si hukumu ya mtu.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilipotoa upya majedwali yake ya kukadiria hatari ya moyo na kiharusi mwaka 2019, yakiwemo ya ukanda wetu wa Afrika Mashariki, halikuweka chembe sahani humo. Liliweka umri, jinsia, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu, kisukari na kolesteroli. Na pale maabara inapokosekana, uzito ukilinganishwa na kimo.

Hayo ni mapungufu ya kila mahali. Taveta ina yake ya ziada, na hapa ndipo penye uzito wa jambo hili.

La kwanza ni saa. Damu ya hemogramu hutiwa katika kijichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna dawa iitwayo EDTA ya kuizuia isigande. Dawa hiyo huzifanya chembe sahani zibadili umbo na kuvimba. Huanza kuvimba mara zinapogusana nayo na huendelea kwa saa kadhaa. Maabara zinazotaka kipimo hiki kiaminike huweka kanuni ya muda maalumu, kwa kawaida ndani ya saa moja au mbili tangu damu kutolewa. Sasa fikiria damu iliyotolewa asubuhi katika kituo cha afya kilicho mbali na mji, ikangoja pikipiki, ikasafiri katika joto la tambarare, ikafika maabara na kukuta foleni ya siku ya soko. Itakapopimwa alasiri, ukubwa unaosomwa utakuwa umechanganyika na muda wa kungoja. Mgonjwa ataambiwa chembe zake ni kubwa, kumbe ukubwa huo umepatikana njiani.

La pili ni mashine. Zipo zinazopima chembe kwa mkondo wa umeme na zipo zinazotumia mwanga, na hazikubaliani. Hakuna kiwango kimoja cha kimataifa kilichozifungamanisha. Jambo hili lingekuwa dogo kama mgonjwa angebaki na maabara moja maisha yake yote. Lakini mgonjwa wa Taveta ni msafiri kwa lazima. Leo atapimwa mjini kwake, mwezi ujao atapelekwa Voi, na jamaa zake wakipata fedha watavuka Holili na kumpeleka Moshi, kwenye hospitali kubwa ya KCMC, kwa kuwa ni karibu kuliko Voi na wana ndugu upande huo. Atarudi na karatasi tatu zenye tarakimu tatu tofauti. Sukari yake na presha yake zaweza kulinganishwa katika karatasi hizo. MPV yake haiwezi.

La tatu, na hili ndilo kubwa, ni malaria. Karibu kila daktari aliyefanya kazi katika eneo lenye ugonjwa huu anajua kuwa chembe sahani hushuka malaria inapopanda. Kupungua kwake ni mojawapo ya dalili za kawaida kabisa katika hemogramu ya mgonjwa wa malaria. Uboho hujibu kwa kutoa chembe changa, zilizo kubwa. Hivyo basi wastani wa ukubwa unaweza kupanda kwa sababu ya mbu wa Mto Lumi na wala si kwa sababu ya sukari. Homa ya dengue, ambayo imeukumba mji wa Mombasa zaidi ya mara moja tangu 2013, nayo huzishusha chembe hizo. Fauka ya hayo, upungufu wa madini ya chuma huongeza idadi yake, ujauzito huibadilisha, na selimundu huivuruga kwa njia zake. Mgonjwa wa kisukari wa Ulaya ambaye tafiti hizi zinamfikiria hana mambo hayo mengi kwa wakati mmoja. Wa Taveta anaweza kuwa nayo mawili kabla ya kiamshakinywa.

Inafaa kukumbusha hapa kwamba damu ya watu wa Taveta si mara ya kwanza kuchunguzwa kwa kina. Katika miaka ya 1950, taasisi ya utafiti wa malaria iliyokuwa Amani, Tanganyika, iliendesha mradi wa Pare na Taveta, ambapo nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrin kuanzia 1955 hadi 1959. Wataalamu walipima damu kabla ya dawa, wakapima wakati wa dawa, wakaendelea kupima na kuhesabu vizazi na vifo hata baada ya upuliziaji kukoma. Malaria ilipungua mno, hemoglobini ya watoto ikapanda, vifo vya watoto wachanga vikashuka. Malaria haikutokomezwa, lakini mradi huo umebaki katika vitabu vya kitabibu hadi leo kwa sababu moja ya msingi: walijua damu ya watu wa hapa ilikuwaje kabla hawajadai kuwa imebadilika.

Kwa chembe sahani na kisukari, kazi ya namna hiyo ndiyo inayohitajika. Viwango vya kawaida vilivyochapwa pembeni mwa karatasi ya maabara mara nyingi vimetokana na watu wa Ulaya na Marekani. Tafiti zilizofanywa Kenya, mathalani kule Kericho, zilionyesha kuwa watu wazima wenye afya katika ukanda wetu huwa na chembe sahani chache kidogo kuliko viwango hivyo vya kigeni. Ikiwa hata idadi ya kawaida tunaikopa, ukubwa wa kawaida tutautoa wapi?

Hapa yamkini msomaji atauliza: madhara yako wapi? Daktari akiona MPV imepanda akamwonya mgonjwa apunguze sukari, nani ameumia? Kama mambo yangeishia hapo, hakuna. Lakini hayaishii hapo. Miongoni mwetu kuna imani iliyoota mizizi kwamba mwenye kisukari ana damu nzito na kwamba dawa yake ni kuilainisha. Kuna wanaokunywa kitunguu saumu, kuna wanaonunua chupa za virutubisho sokoni, na kuna wengi wanaomeza aspirini kila siku, iliyonunuliwa dukani bila ya karatasi ya daktari, kwa sababu jirani aliyepata kiharusi alipewa hiyo hiyo. Mtu wa namna hii akioneshwa karatasi inayosema chembe zake za kugandisha ni kubwa na zenye hasira, atakuwa amepata uthibitisho aliokuwa akiutafuta.

Aspirini ni dawa njema kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha mshipa kuziba. Kwa mwenye kisukari ambaye bado hajapata lolote, hesabu ni nyingine. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao ASCEND, uliowafuatilia watu 15,480 wenye kisukari wasio na ugonjwa wa moyo kwa zaidi ya miaka 7. Nusu walipewa aspirini ya miligramu 100 kwa siku na nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopata matatizo makubwa ya mishipa walikuwa asilimia 8.5 kwa waliomeza aspirini na asilimia 9.6 kwa wasiomeza. Waliovuja damu vibaya, tumboni na kwingineko, walikuwa asilimia 4.1 dhidi ya 3.2. Faida ilikaribia kumezwa yote na hasara, na hiyo ni Uingereza, ambako anayetapika damu usiku hufikishwa hospitali yenye damu ya kuongezwa. Mgonjwa anayevuja damu tumboni huko Mata au karibu na Ziwa Jipe usiku wa mvua hana uhakika huo.

Tena aspirini haisomi MPV. Hakuna utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba kuwachagua wagonjwa kwa ukubwa wa chembe zao, kisha kuwapa aspirini, huokoa maisha zaidi ya inavyoharibu. Kipimo kisichobadilisha tiba kwa njia iliyothibitishwa ni habari tu, na habari inayomfanya mtu anunue dawa ya hatari ni habari mbaya.

Je, ni nini basi kinachojulikana kwa yakini? Kwa bahati njema ni mambo ya kale na ya bei nafuu. Mwaka 1998 utafiti wa UKPDS wa Uingereza uliwagawa wagonjwa 1,148 wa kisukari wenye presha katika makundi mawili, moja likidhibitiwa presha kwa ukali na jingine kwa ulegevu. Presha ya kundi la kwanza ilishuka hadi wastani wa 144 kwa 82, na ya la pili ikabaki 154 kwa 87. Tofauti hiyo ya alama 10 tu ilipunguza viharusi kwa asilimia 44. Dawa zilizotumiwa, kaptopril na atenolol, ni za zamani na hazina hataza. Huko Denmark, utafiti wa Steno-2 uliwachukua wagonjwa 160 ambao mkojo wao ulikuwa umeanza kupitisha protini, ukawadhibiti sukari, presha na kolesteroli kwa pamoja, na kufikia 2003 matatizo ya moyo na mishipa yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu yakilinganishwa na ya waliopewa huduma ya kawaida. Protini ya mkojo! Kijikaratasi kinachochovywa kwenye kikombe kinasema mengi kuhusu mishipa ya mwenye kisukari kuliko inavyoweza kusema leo hii safu nzima ya chembe sahani.

Lakini vipimo hivyo vya kale ndivyo visivyowafikia watu. Uchunguzi wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba takriban asilimia 88 ya watu wazima hawajawahi kupimwa sukari, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa presha. Miongoni mwa waliokuwa na presha ya juu, waliokuwa wakitumia dawa hawakufika hata 1 kati ya 10. Ukiziweka tarakimu hizi mbele ya mjadala wa femtolita moja, mjadala huo unaanza kuonekana kama wa mtu anayechagua rangi ya pazia ilhali paa linavuja.

Kuna jambo limebadilika tangu wakati huo. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, wakiwa na mikoba yenye mashine ya presha na ya kupima sukari kwa tone la kidole. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondoka na nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo sheria yake imeweka hazina ya huduma za msingi na nyingine ya maradhi sugu. Mtu anaweza kuwa na malalamiko mengi kuhusu namna mambo haya yanavyotekelezwa, na mimi ninayo. Hata hivyo, mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba huko Mboghoni akiwa na mashine ya presha inayofanya kazi na vijikaratasi vya sukari ambavyo havijaisha, ana uwezo wa kuzuia viharusi vingi kuliko mashine mpya ya maabara. Tatizo la siku zote ni hilo la vijikaratasi kuisha.

Hata kile kipimo kinachoheshimiwa zaidi katika kliniki za kisukari, kile cha sukari ya miezi mitatu, kina mitego yake katika mazingira haya. Hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu. Malaria au selimundu ikizifupishia chembe hizo maisha, kipimo husoma chini kuliko ukweli. Upungufu wa madini ya chuma waweza kukipandisha. Daktari wa Taveta anayeujua mtego huo hukisoma pamoja na sukari ya asubuhi kabla ya kula, akauliza kama mgonjwa alikuwa na homa mwezi uliopita. Kama kipimo kilichothibitishwa kwa miongo kadhaa chahitaji tahadhari ya namna hiyo, seuze kile ambacho bado kinatafutiwa nafasi.

Haimaanishi mistari ya chembe sahani ifutwe kwenye karatasi. Idadi yake, kinyume na ukubwa, ina kazi ya kila siku. Mgonjwa wa kisukari anayetumia aspirini kwa agizo la daktari, halafu akaonekana ana chembe 60,000, anapaswa kuulizwa maswali ya haraka kuhusu malaria, ini na dawa nyingine anazotumia, na huenda aspirini ikasimamishwa kwanza. Hilo ni jambo la uhai na kifo na limo kwenye karatasi ile ile inayokunjwa.

Ama kuhusu ukubwa, kazi inayofaa ni ya utafiti, na Taveta ina sifa za kuifanya. Hospitali ya kaunti ndogo ina wagonjwa wa kisukari wanaorudi kila mara, ina malaria ya kutosha kuupima ule mkanganyo niliotaja, na ina jirani wa Moshi mwenye uzoefu wa utafiti wa kisukari na figo. Kinachohitajika si mitambo mipya. Ni saa ya kutolewa damu kuandikwa kwenye kijichupa, saa ya kupimwa kuandikwa kwenye daftari, kipimo cha malaria kufanywa siku hiyo hiyo, mashine kuwa moja, na wagonjwa mia kadhaa kufuatiliwa kwa miaka mitano badala ya asubuhi moja. Baada ya hapo ndipo itakapojulikana ni nani waliopata kiharusi, ni nani figo zao zilichoka, na kama chembe zao zilikuwa zimetoa onyo ambalo presha na mkojo havikulitoa.

Kwa sasa mgonjwa anayetoka kliniki akiwa na karatasi yake mkononi ana haki ya kuuliza mambo manne ambayo majibu yake yana uzito uliothibitishwa: presha yangu leo ni ngapi, mkojo wangu una protini, macho yangu yataangaliwa lini, na nani atakayenivua viatu atazame nyayo zangu. Hilo la mwisho, kwa wale wanaoshinda shambani peku wakiongoza maji ya mifereji kwenye migomba, ndilo linalosahauliwa mara nyingi kuliko yote, na halihitaji hata tone moja la damu.